Kufuli Lililouliza Tisa

“Kaa na mzigo. Mtoto mwache.”

Sauti ya Mkuu ilikwaruza ndani ya sikio la Mchwa. Kidude chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya harage, lakini maneno yake yalimwingia mazito kama tofali.

Mchwa alikuwa ameinama nyuma ya lori la Scania, anajifanya anakaza kamba ya turubai. Hakuna aliyemtazama. Nani anamtazama utingo?

“Rudia, Mkuu,” alinong'ona.

“Umenisikia vizuri. Lori likitoka, toka nalo.”

“Mtoto wa watu yumo ndani ya nyumba hii. Nimemwona kwa macho yangu. Nipe vijana wachache tu.”

“Vijana wote wako bohari. Mtoto mwache.”

Laini ikakatika.

Mchwa akaivuta kamba mpaka ikamchubua kiganja. Akaitukana. Kamba haikuwa na kosa lolote.

Alikuwa jasusi wa siku nyingi. Jina la Mchwa alipewa kazini, kwa sababu anaingia mahali kimyakimya, na wenyewe wanakuja kushtuka nyumba imeshakuwa vumbi. Safari hii aliingia kwenye genge la magendo ya dawa kwa cheo cha utingo. Alikula nao, alisukuma nao lori, alitukanwa kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Bastola yake aina ya Beretta aliiviringisha nailoni akaizamisha ndani ya kopo la grisi la lori. Hakuna mtu anayependa kutia mkono kwenye grisi ya mwenzake.

Mpango wa genge haukuwa na mafumbo. Kuna bohari la serikali lenye dawa za usingizi, zile anazodungwa mgonjwa kabla ya kupasuliwa. Genge lingeingia mchana wa Jumapili wakati hakuna kazi, lichukue chupa za kweli, liache chupa za maji zenye nembo ileile. Za kweli zingevushwa mpakani kwenda kwa tajiri mmoja wa kigeni. Za maji zingebaki kwenye rafu, zikimsubiri mama anayejifungua kwa kisu.

Walinzi walishanunuliwa. Kilichobaki ni kufuli tu.

Lakini kufuli lenyewe! Halikuwa na tundu la ufunguo. Lilikuwa na kioo na vitufe kama vya simu. Ukilifikia linakuonyesha namba, na wewe unalirudishia namba nyingine. Ukikosea mara tatu linajifunga moja kwa moja na king'ora kinalia mji mzima.

Jibu lilitokana na fomula mbili. Mtunza bohari alikuwa na fomula ndogo: chukua namba, jumlisha tatu. Ofisi kuu ilikuwa na fomula kubwa, polinomia kama wanavyoiita shuleni: namba mara yenyewe, toa kumi mara namba hiyo, jumlisha arobaini. Moja inaingia ndani ya nyingine ndipo jibu linapatikana. Walifanya hivyo makusudi, ili mtu mmoja peke yake asiweze kufungua.

Genge likamhonga mtunza bohari, likamhonga na mtu wa ofisi kuu.

Wakapata fomula zote, na mfano mmoja: kufuli likiuliza nne, jibu ni kumi na tisa. Hapo wakakwama. Fomula zilikuja na herufi na mabano, na kati yao wote hakuna aliyejua mabano yanasema nini. Kiongozi wao aliitwa Profesa, lakini uprofesa wake ulikuwa wa miwani tu.

Basi wakatafuta mtoto.

Hapa wazazi wenzangu tegeni masikio. Walifungua kundi kwenye simu, wakaliita Shindano la Vichwa. Kila jioni swali la hesabu, na anayewahi anatumiwa vocha. Watoto wakajaa kama nzi kwenye asali. Na mzazi gani atamkataza mtoto kufanya hesabu? Tukimkuta anacheza muziki kwenye simu tunampokonya. Tukimkuta anaandika eksi na mabano, tunapunguza redio ili asisumbuke.

Ndivyo alivyofanya fundi cherehani mmoja, mama wa binti wa sekondari. Binti huyo mdomo wake haukuwa na likizo, na nyumbani walimwita Chiriku. Alishinda mara ya kwanza, akashinda tena na tena. Mama akawasimulia wateja huku pini ziko mdomoni. Kisha ukaja ujumbe: mshindi ajiandae kuchukua kompyuta yake, gari litamfuata nyumbani.

Gari lilimfuata kweli.

Mama alipofika kituoni, askari wa mapokezi alimwuliza kama binti ana mchumba.

“Mtoto wa shule huyo!”

“Ndiyo maana nauliza, mama.”

Akaenda tena, akaambiwa aje kesho. Kesho ikawa kesho nyingine. Mwishowe akakaa sakafuni mbele ya kaunta, akasema hatoki, wakitaka wamletee na cherehani yake palepale. Hapo ndipo habari ikapanda ngazi mpaka kwa Mkuu. Mkuu akaiunganisha na genge la dawa, akafurahi kwamba sasa picha imekamilika, kisha akamweka mtoto pembeni.

Ndiyo maana Mchwa alikuwa anatukana kamba.

Asubuhi ileile walikuwa wamemtuma ampelekee binti chai.

Chumba kilikuwa stoo ya matairi. Kulikuwa na godoro bila shuka, meza ya mbao, dirisha lililozibwa kwa bati. Binti alikuwa amekaa na kalamu mkononi, nywele zimesimama, macho mekundu.

Nje ya mlango kijana mwenye bastola alikuwa anachokonoa meno.

Mchwa akaweka kikombe. “Mama yako anasema unywe chai, Chiriku.”

Kalamu ikasimama. Jina hilo halikuwa kwenye simu wala kwenye shindano. Lilikuwa la nyumbani tu; Mchwa alilipata kwenye maelezo ya mama kituoni.

“Wewe nani?”

“Mtu wa mama yako. Ongea haraka. Wamekufanyisha nini?”

Maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

“Wamenipa fomula mbili niziunganishe ziwe moja, ili dereva wao aweke namba kwenye kikokotoo apate jibu. Lakini nimewageuzia, mjomba! Mabano yanasema ndogo iko ndani ya kubwa. Kwa hiyo unaanza na ndogo, na jibu lake ndilo unaliweka kwenye kubwa, kila penye eksi. Mimi nimeanza na kubwa nikamalizia na ndogo. Imetoka fomula nyingine kabisa.”

“Wakiijaribu?”

“Wameshaijaribu!” Akacheka huku kaziba mdomo kwa kiganja. “Wamejaribu kwa ule mfano wao wa nne. Kwa nne zote zinatoa sawa. Sikiliza. Nne jumlisha tatu, saba. Saba mara saba arobaini na tisa, toa sabini, jumlisha arobaini, unabaki na kumi na tisa. Sasa geuza. Nne mara nne kumi na sita, toa arobaini, jumlisha arobaini, kumi na sita ileile. Jumlisha tatu. Kumi na tisa! Yule wa miwani akanipigia makofi. Lakini ni nne peke yake, mjomba. Ikija namba nyingine yoyote, kufuli linawatemea mate.”

Alikuwa anang'aa. Alikuwa amewaweza watu wazima wenye bastola kwa kalamu tu.

Mchwa akatupia jicho mlangoni.

“Na likiwakatalia, watakuja kumwuliza nani?”

Kicheko kikakatika.

Watoto wetu wana akili za kutisha, jamani. Lakini akili zao zinafika kwenye jibu zinakaa hapo. Hazifiki kwa mtu anayelisubiri hilo jibu.

“Nilidhani polisi watakuja,” binti alisema. Sasa sauti ilikuwa ya mtoto kabisa.

“Watakuja. Nifundishe ile ya kweli.”

“Ukiziunganisha unapata eksi kipeo cha pili, toa nne eksi, jumlisha...”

“Sijui kipeo. Hesabu na mimi tuliachana zamani. Niambie kama unavyomwambia mama yako.”

Binti akafumba macho. “Mama anakata kwanza, halafu anashona kile alichokata. Hashoni kitambaa kizima halafu ndiyo aanze kukata. Na wewe anza na ya ndani. Kinachotoka pale, ndicho...”

Mlango ukapigwa teke.

“We utingo! Hiyo chai unaichuma shambani?”

Mchwa akatoka na nusu ya somo.

Saa ya kuondoka ilipofika, Profesa alimtoa binti mwenyewe. Alimshika mkono kama baba anayempeleka mwanawe kliniki. Akamfungulia mlango wa Toyota nyeupe iliyoegeshwa nyuma ya lori.

“Utakaa na mimi,” alimwambia kwa upole. “Kufuli likifunguka, unakwenda kwa mama na kompyuta yako. Lisipofunguka, tutaongea.”

Akajipapasa koti upande wa kushoto.

Mchwa alikuwa ameona. Alikuwa ameona kila kitu na hakuna alichoweza kufanya. Vijana wawili wenye bastola walikuwa wameshapanda nyuma ya lori, wamekalia makasha ya chupa za maji. Akapanda mbele, karibu na dereva. Dereva aliitwa Kibonge, na usukani ulikuwa umemkaa tumboni kama mtoto aliyepakatwa.

Lori likanguruma.

Njiani Mchwa alitazama kioo cha pembeni. Toyota iko nyuma. Akatazama tena. Iko. Kichwa kidogo kwenye kiti cha mbele, pembeni ya Profesa aliyeshika usukani, hakigeuki kushoto wala kulia.

“Bosi, simama. Tairi la nyuma linalia.”

“Mimi silisikii.”

“Mimi ndiye utingo.”

Kibonge akasonya, akasimamisha. Mchwa akashuka na nondo, akaanza kugonga tairi moja moja. Kati ya ngo na ngo akaongea na kola ya shati.

“Mkuu. Fomula waliyonayo ni ya uongo. Mtoto amewachezea. Kufuli litakataa.”

“Safi sana! Likikataa mara tatu king'ora kinalia, nasi tunawazunguka. Kazi nzuri.”

“Mtoto amekaa na Profesa. Ana bastola.”

“Tutajitahidi.”

Ngo!

“Mtajitahidi nini?”

“Mchwa, yule ni mtoto mmoja. Chupa ni maelfu.”

“Basi niunganishe na fundi wa kufuli anipe jibu la kweli. Nikilifungua, Profesa atamwacha.”

“Sitaki lifunguke. Mlango wa serikali haufunguliwi na wezi mbele ya macho yangu. Hiyo ni amri.”

“Mkuu...”

Laini ikakatika tena. Kila akitaka kuongea na mtu, laini inakatika. Kila akitaka kusikilizwa, kuna mtu anajua zaidi. Mchwa alilipiga lile tairi pigo moja ambalo lilimrudia mpaka kwenye meno.

Kibonge akachungulia dirishani. “We! Unapima tairi au unaliua?”

“Limepona, bosi. Twende.”

Geti la bohari lilikuwa la chuma, refu, limepakwa rangi ya kijivu. Barabara ilikuwa tupu. Kibanda cha mlinzi hakina mtu, kiti kimeachwa na gazeti juu yake. Kufuli lilikuwa kwenye nguzo, na kioo chake kiliwaka kijani mara Kibonge alipoligusa.

Tisa.

Hiyo ndiyo namba liliyouliza.

Kibonge alikuwa ameandika fomula kiganjani kwa kalamu. Akakisoma kiganja, akabonyeza kikokotoo cha Casio. Tisa mara tisa, themanini na moja. Toa tisini. Jumlisha arobaini na tatu.

“Thelathini na nne,” alisema, akaiandika kwenye kufuli.

Taa nyekundu.

“Ah.”

Mchwa akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, Kibonge alishabonyeza tena. Thelathini na nne ileile, ila safari hii kwa nguvu zaidi, kama mtu anayeongea na kiziwi.

Taa nyekundu.

“Bosi! Unarudia ileile?”

“Nilidhani haikusikia!”

Nafasi moja imebaki.

Nyuma yao kioo cha Toyota kilishuka. “Kuna nini hapo?” Sauti ya Profesa haikuwa na upole tena. Mchwa aligeuka. Aliiona bastola. Ilikuwa imekaa ubavuni mwa binti, na binti amenyooka kama mtu anayepimwa nguo.

“Ni jua, Profesa!” Mchwa alipaza sauti, akacheka kicheko cha kijinga cha utingo. “Kioo hakionekani. Dereva kaona sita!”

“Mwambieni aone vizuri! Akishindwa nimwulize huyu mwalimu wake!”

Kibonge akavimba. “Mimi nimeona tisa,” alimnong'oneza Mchwa. “Sina upofu.”

“Sasa unataka nikamwambie kwamba umekosea mara mbili na macho unayo?”

Kibonge akaitupia jicho Toyota.

“Lete kikokotoo.”

“Wewe utingo unajua nini?”

“Sijui kitu. Nikikosea, useme ni mimi.”

Hilo Kibonge alilielewa haraka. Akamkabidhi.

Katika sikio sauti ikafufuka. “Mchwa, nakuona kwenye darubini. Usiguse hilo kufuli. Ni amri.”

Sasa ndiyo laini haikatiki!

Mchwa akajikuna sikio kwa kidole. Kidude kikaanguka kwenye vumbi. Akakikanyaga.

Akaanza. Fomula zote mbili alizikariri genge lilipokuwa linazibishania. Tisa mara tisa... Akaacha. Hiyo ni ya nje. Hicho ndicho alichofanya Kibonge. Kata kwanza.

Tisa jumlisha tatu, kumi na mbili.

Sasa kubwa. Kumi na mbili mara kumi na mbili, mia moja arobaini na nne. Toa kumi mara namba hiyo.

Namba ipi?

Jasho likamwingia jichoni. Namba ipi? Tisa ya kufuli, au kumi na mbili yake? Akitoa tisini na kujumlisha arobaini, jibu ni tisini na nne. Akitoa mia moja na ishirini, jibu ni sitini na nne. Zote zilimtazama. Zote zilifanana na ukweli. Mlango wa Toyota ukafunguliwa nyuma yake, na kiatu kikakanyaga changarawe.

“Bado tu?” Profesa aliuliza.

“Bado kidogo, Profesa!”

Alitaka kulipiga ngumi lile kufuli. Alitaka kuwapiga ngumi walimu wake wote wa zamani, mmoja mmoja, kwa foleni. Somo lilikatwa na teke la mlango, na kipande kilichokatwa ndicho hasa anachokitaka.

Lakini binti alikuwa amempa mfano. Nne inatoa kumi na tisa.

Akarudi kwenye nne. Nne jumlisha tatu, saba. Saba mara saba, arobaini na tisa. Akajaribu kutoa kumi mara nne, ile namba ya mwanzo. Arobaini na tisa toa arobaini, jumlisha arobaini. Arobaini na tisa. Siyo.

Akajaribu kutoa kumi mara saba. Arobaini na tisa toa sabini, jumlisha arobaini.

Kumi na tisa.

Kila penye eksi! Alisema kila penye eksi, na mtu mzima mwenye masikio mawili hakusikia. Namba ya mwanzo ikishapita kwenye fomula ya ndani, imekwisha kazi. Ukiirudia kwenye ya nje umeharibu nguo.

Akabonyeza sita. Akabonyeza nne.

Sitini na nne.

Kufuli likafikiri.

Likafikiri tena.

Taa ya kijani.

Geti likaanza kusogea kwenye reli yake, taratibu, likilia kama linalalamika kuamshwa Jumapili. Kibonge akamkumbatia Mchwa kwa tumbo zima. “Utingo wangu! Kumbe una kichwa!”

Profesa alisimama kando ya Toyota. Akarudisha bastola kwenye koti. Akamgonga binti begani kwa vidole viwili. “Nilijua tu. Kichwa kama hiki hakirudishwi kwa mama. Kuna mabohari mengine.”

Binti hakumgeukia. Alikuwa anamtazama utingo.

Lori likaingia uani, Toyota nyuma yake. Vijana wawili wakaruka chini, wakavunja mlango wa kupakulia mizigo, wakaingia ndani kila mmoja na kasha la chupa za maji. Profesa akafunga milango ya Toyota, binti akiwa ndani, akaja kusimama pembeni kama tajiri anayetazama nyumba yake ikijengwa.

Lori lilitakiwa kurudi kinyumenyume mpaka kwenye mlango ule. Na lori halirudi kinyumenyume bila utingo.

Mchwa akasimama nyuma, mkono juu.

“Rudi! Rudi! Kata kulia! Nyoosha! Rudi, rudi, rudi!”

“Nafasi ipo?” Kibonge aliuliza kutoka dirishani.

“Nafasi kama uwanja, bosi! Rudi!”

Kibonge akarudi.

“Rudi tena! Kanyaga!”

Kibonge akakanyaga.

Chuma kikala ukuta. Bati, mbao na tofali vililia pamoja, na mgongo wa Scania ukaziba kabisa mlango wa kupakulia, bila kuacha upenyo wa kupitisha hata mkono. Ndani, vijana wawili wakaanza kupiga kelele. Mmoja akafyatua risasi, ikagonga tani za chuma, wakanyamaza wote wawili.

“We mjinga!” Kibonge alipiga yowe. “Nimegonga!”

Profesa hakupiga yowe. Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye koti.

Lakini wa Mchwa ulikuwa umeshaingia kwenye lile kopo la grisi ubavuni mwa lori. Akaipata Beretta, akaichana nailoni, akaichomoa.

Ikamponyoka.

Jamani! Ikateleza kama sabuni, ikaruka hewani, ikaangukia chini ya tairi. Siku nzima ilikuwa siku ya namna hiyo.

Mchwa akabaki na kopo. Basi akarusha kopo.

Liliruka lote pamoja na mali yake. Likamfika Profesa usoni, na vioo vyote viwili vya miwani vikawa vyeusi tititi. Risasi ikaenda mawinguni. Ya pili ikatoboa dirisha la bohari. Kabla ya ya tatu Mchwa alikuwa amefika. Teke la kifundo, ngumi ya shingo, goti mgongoni.

“Sioni!” Profesa alilia.

“Ni jua,” Mchwa alimwambia, akamfunga mikono kwa kamba ya turubai.

Kibonge alikuwa ameinua mikono ndani ya kebini bila kuombwa. “Mimi dereva tu, mimi dereva tu.”

Mchwa akavunja kioo cha Toyota kwa kiwiko. Binti alitoka kupitia dirishani, akakaa kwenye changarawe.

“Uliweka ngapi?” lilikuwa neno lake la kwanza.

“Sitini na nne.”

Akapiga hesabu kimyakimya, midomo ikicheza. Kisha akaanza kulia.

Vikosi vya Mkuu viliingia na Land Cruiser, ving'ora vinalia, silaha juu, kila mtu anamwambia mwenzake alale chini. Mkuu mwenyewe alishuka wa mwisho, na uso ulikuwa umevimba kwa hasira.

“Umefungua mlango wa serikali.”

“Ndiyo, Mkuu.”

“Kwa mkono wako.”

“Mkono wa utingo haukosi grisi. Alama za vidole hamtapata.”

“Unanitania? Ungekosea ile hesabu je? Nafasi ilikuwa moja!”

Mchwa akampa mgongo. Akamwinua binti, akampakia kwenye gari la kwanza aliloliona na ufunguo ndani, akaondoka nalo. Lilikuwa gari la Mkuu.

Kituoni, fundi cherehani alikuwa bado amekaa sakafuni mbele ya kaunta. Askari wa mapokezi alikuwa amechoka kumruka.

“Mama,” binti aliita.

Mama akainuka. Hakulia, hakupiga kelele. Alimgeuza huku na huku, akamshika mabega, viwiko, vidole, kimoja kimoja, akitafuta palipofumuka. Alipomaliza akamkumbatia mpaka binti akakohoa. Kisha akamwachia, akamzaba kofi la mgongo.

“Nani alikwambia upande gari la mtu?”

“Ulinifungia mkoba mwenyewe, mama.”

Mama akaurudisha mkono kifuani. Maneno hayo yalimkaa mahali pabaya, na yeyote aliyekuwepo aliona.

Mchwa akatoa simu ya binti mfukoni, aliyoichukua kwa Profesa, akaiweka juu ya kaunta. Ilikuwa bado inaita ujumbe. Makundi mengine, maswali mengine, mashindano mengine ya jioni hiyo.

Mama akaitazama kama mtu anavyomtazama nyoka kwenye kabati la nguo. Lakini hakuivunja. Akavuta benchi, akakaa, akapigapiga nafasi ya pembeni yake.

“Kaa hapa. Fungua. Nisomee swali la kwanza.”

“Mama, ni polinomia. Hutaelewa.”

“Nimesema nataka kuelewa? Nimesema nisomee. Halafu uniambie nani ameuliza, na akishapata jibu anakwenda kulifanyia nini.”

Binti akafungua mdomo, yule Chiriku asiyenyamaza, na hakuna kilichotoka. La kwanza hakujua ameuliza nani. La pili pia hakujua. Alishuka na kidole kwenye kioo, chini zaidi, na chini zaidi, na mama alikuwa anasubiri kwa kila moja.

Askari wa mapokezi taratibu akatoa simu yake mwenyewe, akampigia mwanawe.

“Uko wapi? Unafanya nini? Hesabu za nani?”

Nje simu za Mkuu zilikuwa zinalia kwenye gari lake mwenyewe, mbili kwa mpigo. Mchwa alizipita. Akavuka barabara, mikono mfukoni, akaenda kutafuta sabuni.